Kopo la Magadi na Zamu ya Pili

Kabla sijawaambia chochote kuhusu tindikali, vijana wangu, niwaambie kuhusu kuosha vyombo. Bureti, lile bomba jembamba la kioo lenye namba ubavuni na koki chini, haisuuzwi kwa maji peke yake halafu ikajazwa asidi. Maji yaliyobaki ndani yataipunguza asidi nguvu, na mwanafunzi atapata jibu la uongo ingawa mkono wake haujakosea. Suuza kwa maji, kisha suuza kwa asidi ileile utakayoitumia, imwage, ndipo ujaze. Lakini chupa ya chini inayopokea, hiyo isuuze kwa maji tu na uiache, maana maji hayaongezi wala hayapunguzi dawa utakayoipimia humo. Mimi ilinichukua miezi mitatu kuelewa kwa nini. Nyie mnaambiwa kwa dakika tatu, kwa hiyo msilalamike kwamba somo ni gumu.

Sikuwa mwalimu. Nilikuwa mhudumu wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Songea, tangu miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mpaka nilipostaafu. Ninaitwa Somoe. Kwetu ni Nalasi, kule Tunduru, kwa wakulima wa korosho. Baba alifariki, na kabla mwaka haujaisha mama naye akamfuata. Nilikuwa darasa la sita, na mimi ndiye mkubwa. Nikaacha shule, nikawachukua wadogo zangu watatu, tukapanda lori la korosho mpaka Songea kwa mama mdogo aliyekuwa ameolewa mtaa wa Bombambili. Alitupa chumba cha uani, Mungu amrehemu, na hakuna siku aliyotuuliza tutaondoka lini.

Shuleni nilianza kwa kufagia madarasa na kuosha bilauri za chai za walimu. Mwalimu wa kemia alikuwa Mhaya, Mwalimu Ndyamukama, mrefu, mwenye sweta moja la kijani alilolivaa kuanzia Mei mpaka Agosti akilalamika kwamba baridi ya Songea imetumwa na maadui zake. Siku moja alisimama mlangoni akinitazama ninavyoosha.

"Wewe binti, tangu uje umevunja bilauri ngapi?"

"Sijavunja, Mwalimu."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Acha hizo. Njoo huku kwangu, wenzako wamenimalizia vyombo."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa maabara. Nasema kuajiriwa, lakini nilikuwa kibarua tu, sina barua ya ajira, sina namba.

Maabara ya wakati ule msiifananishe na hii yenu. Bohari ya serikali iliyokuwa ikituletea dawa ilikuwa imekauka. Mjini maduka yalikuwa yanajaa mitumba, redio na sabuni za kila rangi, lakini asidi ya maabara haikuwamo. Tindikali ya salfa tuliifuata gereji, ile ya betri za magari. Mkitaka kuipunguza makali, mimina asidi ndani ya maji, kidogo kidogo, kamwe msimimine maji ndani ya asidi. Nina kovu hapa juu ya kiwiko la siku niliyosahau. Taa za spiriti tulizitengeneza kwa chupa za dawa ya kikohozi, tukatoboa vifuniko na kupitisha utambi. Maji safi ya kuchanganyia dawa niliyakinga kwenye mvuke wa birika, tone kwa tone, huku nikisikiliza wanafunzi wakikariri.

Mtihani wa baiolojia nao ulikuwa na vituko vyake. Wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne ilikuja barua ya maelekezo, tuandae nini na nini. Waliotakiwa kuiona ni Mkuu wa shule, mwalimu wa somo na mimi. Mwaka mmoja walitaka kangaga, uyoga na mende, kila mtahiniwa na wake. Kangaga nilipanda kuzitafuta mlimani Matogoro kwenye kivuli cha mabonde. Mende walitoka bwenini, wala hawakuhitaji kutafutwa. Mwaka mwingine wakataka samaki wa kufanana. Nikaenda sokoni na rula.

"Nataka perege, wote wa urefu huu."

Mama muuza samaki akaitazama ile rula, akawaita wenzake. "Njooni mwone! Huyu dada anawapima perege. Unawashonea sare?"

"Ndiyo, wanaanza kidato cha kwanza," nikamjibu, na tangu siku hiyo akawa ananichagulia mwenyewe.

Kusoma majina ya dawa nilijifunza kwa Mwalimu Ndyamukama. Mwanzoni nilizitambua chupa kama mtu anavyotambua nyuso, hii ya mabega mapana, ile ya kizibo chekundu. Alipogundua, alizihamisha zote Jumamosi moja, akaniambia nimletee saba, moja moja, kwa kusoma. Nilikosea tano. Hakunicheka. Alinipa daftari na kuniambia niandike kila jina, na mbele yake niandike siku chupa ilipofunguliwa. "Dawa ikishafunguliwa si ileile tena," alisema.

Somo moja alilonipa ni la magadi, yale ya kuandalia mtihani, ambayo chembe zake ni kubwa na zinang'aa kama vipande vya kioo. Akaniambia kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa chembe ile ni maji.

"Mwalimu, hii ni kavu."

"Kavu?" Akaitia chembe kwenye bomba la kioo na kuipasha moto. Juu kwenye shingo ya bomba yakatokea matone, yakaungana, yakaanza kuteremka. Nikasema, "Subhanallah." Akasema, "Na ukiiacha wazi kwenye hewa kavu, maji hayo yanaondoka yenyewe, kimya kimya, chembe inageuka unga. Kilo ya dagaa wabichi na kilo ya dagaa wakavu, wapi kuna dagaa wengi?"

"Kwenye wakavu."

"Basi umeelewa kemia." Na kweli nilielewa. Ndiyo maana ninayowasimulia sasa siwezi kuyasingizia ujinga.

Mwaka wa mkasa wenyewe serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Kila ofisi ilikuwa na orodha yake. Mkuu wetu wa shule, Mzee Haule, hakuwa mtu mbaya. Aliniita mapema.

"Somoe, mimi sina neno na wewe. Lakini wakija kuuliza kibarua wa maabara ni wa nini, nitawajibu nini?"

"Sijui, Mkuu."

"Na mimi sijui. Basi omba mtihani uende salama."

Kibarua kile ndicho kilichotulisha na kutuweka Songea. Kikiondoka, wadogo zangu wangerudi Nalasi, na shule yao ingeishia njiani kama yangu. Mdogo wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusoma maneno marefu.

Siku ya mtihani wa vitendo wa kemia ilifika, mvua bado, jua kali. Kazi ilikuwa ile ya kawaida, kudondosha asidi kutoka kwenye bureti tone kwa tone ndani ya maji ya magadi mpaka rangi igeuke kutoka njano kwenda chungwa, kisha kusoma ni asidi kiasi gani imetumika. Maabara yetu ilibeba nusu ya darasa, kwa hiyo zamu zilikuwa mbili. Zamu ya kwanza ikifanya, ya pili ilifungiwa darasani na kulindwa wasikutane. Asubuhi, mbele ya msimamizi aliyetoka shule nyingine, Mwalimu Ndyamukama alifanya jaribio lile yeye mwenyewe, akapata ishirini na tano kamili, akaandika. Jibu hilo la mwalimu hutumwa pamoja na karatasi za wanafunzi, na msahihishaji hupima majibu yao kwa hilo. Likumbukeni hilo.

Zamu ya kwanza ilipotoka nikakuta ndoo ya maji ya magadi imevuja kwenye bomba lake. Yaliyobaki yasingetosha hata meza mbili. Nilikuwa na chini ya saa moja. Nikachukua kopo la pili la magadi, tulilolinunua kwa mfanyabiashara wa mjini, lililofunguliwa tangu Juni na kukaa dirishani. Nikapima uzito uleule, nikachanganya, nikajaza ndoo nyingine, nikashukuru Mungu. Mikono ilifanya yenyewe. Macho yaliona unga mweupe mle koponi, lakini kichwa kilikuwa kinahesabu dakika.

Zamu ya pili ikaanza, na mikono ikaanza kunyooshwa. Asidi. Huyu anataka asidi, yule anataka asidi. Nilizunguka na jagi nikiwalaani moyoni kwamba wanamwaga ovyo. Mwalimu alikuwa ameshapeleka karatasi za zamu ya kwanza ofisini.

Nilipokuwa ninaosha vyombo baadaye, niliwasikia wanafunzi wa zamu ya pili nje ya dirisha.

"Wewe umepata ngapi?"

"Ishirini na tano nukta mbili."

"Muongo! Mimi yangu iligoma kugeuka mpaka thelathini na tatu."

"Hata yangu. Lakini Mwalimu si alisema ikipita thelathini umezembea? Nikaandika ishirini na tano."

Wakacheka. Kisha sauti nyingine, ya msichana aliyeitwa Skola, mtoto wa mkulima wa mahindi, mtulivu sana. "Mimi nimeandika thelathini na tatu. Mara tatu nimepata hiyohiyo."

"Skola! Umejimaliza, dada."

Nikasikia akilia. Nikatua bureti polepole, nikaenda dirishani kulichukua lile kopo. Unga, kama wa ugali. Kilo ya dagaa wakavu. Niliwapa zamu ya pili magadi mengi kuliko barua ya maelekezo ilivyotaka, na jibu la mwalimu lililokuwa linasubiri kwenye bahasha lilikuwa la ndoo nyingine.

Sitawadanganya kwamba niliondoka mbio. Nilisimama pale na lile kopo. Hakuna aliyekuwa anajua. Kopo ningelitupa shimoni, na zamu ya pili wangeonekana wazembe tu, kama wazembe wa miaka yote. Wadogo zangu wangebaki Bombambili. Nje Skola aliendelea kulia, na wenzake sasa walikuwa wanambembeleza kwa kumwambia huenda akapata alama kwenye sehemu ya nadharia.

Nikamkuta Mwalimu Ndyamukama kwenye chumba cha walimu na kikombe chake cha chai.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Somoe, umeshanisalimia asubuhi. Una nini?"

Nikaweka kopo mezani. Akachungulia. Akachovya kidole kwenye ule unga.

"Zamu ipi?"

"Ya pili."

"Wote?"

"Wote, Mwalimu."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Akanitazama kama ananiona mara ya kwanza. "Msimamizi anafunga bahasha saa kumi," akasema, akaiacha chai.

Kulikuwa na maji ya magadi yamebaki kwenye ndoo ya pili, namshukuru Mungu sikuwa nimeyamwaga. Msimamizi alikuja maabara akiwa amenuna. Mwalimu akafanya jaribio mbele yake, mara tatu. Thelathini na tatu nukta moja, thelathini na tatu, thelathini na tatu nukta moja. Msimamizi akaandika taarifa mpya, jibu la mwalimu kwa zamu ya kwanza na jibu la mwalimu kwa zamu ya pili, kila moja na maelezo yake. Kisha akainua kalamu.

"Aliyetengeneza dawa hii ni nani?"

"Mimi," akasema Mwalimu Ndyamukama.

"Ni mimi," nikasema. "Kwa kopo hili. Mwalimu hakuwepo."

Mwalimu akanigeukia. "Somoe, nyamaza." Lakini Mkuu alikuwa ameshasimama mlangoni na amesikia.

Jioni ile Mkuu hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Wenye barua zao wanapunguzwa, Somoe. Wewe malizia mwezi." Nikaitikia. Nyumbani niliwaambia wadogo zangu waanze kukusanya vitu vyao.

Niruke mbele kidogo, nisije nikasahau. Matokeo yalipobandikwa, Skola alikuwa amefaulu kemia. Wale waliotunga ishirini na tano hawakufurahi, na mmoja alikuja kuniambia kwamba nimemharibia. Nikamwambia kweli, nilimharibia ndoo, nikamwomba radhi. Jibu aliliandika yeye.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Mwalimu Ndyamukama. Wiki ile baada ya mtihani alikuja maabara, akakaa kwenye stuli yangu.

"Kosa lako limekaa kwenye kopo moja," akasema. "Langu limekaa kwenye vichwa vya watoto. Nimewafundisha miaka yote kwamba jibu ni ishirini na tano. Wakiona kingine hawaamini macho yao, wanaamini mimi."

"Uliwafundisha wafaulu, Mwalimu."

"Ndiyo. Sasa nataka uniandalie dawa nisiyoijua."

Ndipo tulipoanza desturi ambayo wengine wenu mmeikuta. Kila Ijumaa nilitengeneza maji ya magadi kwa nguvu niliyoichagua mwenyewe, leo kali, kesho hafifu. Nilijaribu mara tatu peke yangu mlango umefungwa, nikaandika jibu kwenye karatasi, nikaikunja na kuitia mfuko wa koti. Mwalimu hakuonyeshwa. Kidato cha tatu walipoingia hawakuwa na wa kumchungulia usoni. Siku ya kwanza walichanganyikiwa. "Mwalimu, sahihi ni ngapi?" "Sijui." "Unatania, Mwalimu." "Mimi na nyie tuko darasa moja leo." Jibu lile lililokunjwa mfukoni mwangu waliliita namba ya Somoe. Wakaanza kusoma bureti jicho likiwa sawa na maji, kurudia mpaka mara mbili zikubaliane, kuweka karatasi nyeupe chini ya chupa ili rangi ionekane. Niliyaona kwa macho yangu mambo aliyokuwa akiwapigia kelele miaka yote, sasa wanayafanya bila kuambiwa.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wangu, Mkuu aliingia. Alisema amesikia kelele za kucheka kutoka maabara, na kwa uzoefu wake wa ualimu kemia haichekeshi. Mzee Haule alikuwa mwalimu wa jiografia, lakini alisoma kemia ujanani katika shule ya misheni.

"Hii naijua," akasema, akavua koti. "Nipisheni."

Darasa lote likasogea. Alijaza bureti vizuri tu, akafungua koki kama mtu anayefungua bomba la bustani. Mara chupa ikawa nyekundu. Akainama, akasoma kwa sauti. "Thelathini na moja nukta sita. Ndyamukama, nimepata?"

"Sijui, Mkuu."

"Hujui vipi?"

"Kweli sijui."

"Sasa nani anajua?"

Wakajibu wote kwa pamoja, "Dada Somoe!"

Mzee Haule akanigeukia. Nilikuwa nimesimama kando ya beseni na koti langu lenye mfuko. Karatasi ilikuwa imeandikwa ishirini na tisa nukta nne, na hakuna aliyeiona ila mimi. Neno moja la kumpendeza lingenitoka kirahisi sana. Niliwafikiria wadogo zangu na mabegi yao yaliyofungwa.

"Bado, Mkuu," nikasema. "Umepitiliza. Rangi yako imeiva kabisa, inatakiwa ndiyo kwanza ianze kuona haya. Rudia, na mwishoni udondoshe tone moja moja."

Kuna mtoto alicheka puani, akajifanya anakohoa. Mkuu alinitazama, akaitazama bureti, akaimwaga chupa. Alianza upya. Safari hii aliinamisha kichwa mpaka miwani ikakaribia kugusa kioo, na alipofika mwisho alidondosha tone, akatikisa, akasubiri, akadondosha lingine. Njano ikageuka chungwa, ikabaki hapo.

"Ishirini na tisa nukta tano," akasema. "Sasa?"

Nikatoa karatasi mfukoni, nikamkabidhi. Akaikunjua, akaisoma, akawaonyesha wanafunzi. Walimpigia makofi, naye akacheka kama kijana wa kidato cha tatu. Alijifuta mikono kwenye suruali, jambo ambalo msilifanye, akachukua koti lake. Mlangoni akasimama.

"Somoe, Jumatatu uje ofisini na vyeti vyako. Nimeshajua nitawajibu nini."

"Sina cheti, Mkuu. Niliishia la sita."

Akalivaa koti lake.

"Njoo hivyo hivyo," akasema.

Nikaenda hivyo hivyo.